Fundi wa Cherehani na Sufuria ya Makame

"Fimbo ikitangulia, futari humwagika." Ndivyo nilivyosema asubuhi mlipomzunguka yule muuza vyungu kwa kuwa tu hamkumjua, nanyi mkaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Kaeni basi, wajukuu zangu, niwaeleze chanzo chake kama nilivyosimuliwa na shangazi yangu aliyeolewa huko Pemba.

Zamani alifika kisiwani humo fundi wa kutengeneza cherehani mbovu kutoka bara, jina lake Shekiondo. Alikuwa Msambaa, Mkristo, na hakuwahi kuvuka bahari kabla ya safari hiyo. Alitembea kijiji kwa kijiji na mfuko wa vyuma vyake begani, na mwezi ulikuwa wa Ramadhani. Bandarini mpagazi mmoja alimwambia, kwa mzaha au kwa dhati, yeye hakujua: "Huku mchana usitie kitu mdomoni. Wakikuona utajuta."

Neno hilo lilimkaa rohoni. Adhuhuri njaa ilipomzidi, alijificha nyuma ya mkarafuu akala kipande cha muhogo wa kuchoma. Alipoinua macho, akamwona mama mmoja mtu mzima, kajitwika kuni, amesimama njiani akimtazama. Mama yule akaweka kuni zake sawa kichwani. Akashika njia yake.

"Nimekwisha onekana," Shekiondo alijiambia.

Alasiri alipita kijiji cha Mtondooni, na ingawa aliona cherehani mbili barazani, hakubisha hodi popote. Watu walimsalimu, yeye akahisi wanamchunguza. Wanaume wawili walinyamaza alipokaribia, naye akawa na hakika kwamba walikuwa wakimsema. Akapita upesi, macho chini.

Nje ya kijiji njia iliingia msituni, na kijiji cha pili kilikuwa mbali. Hakwenda sana akageuka, akaona mtu anamfuata. Alikuwa mwanamume mrefu, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa, na ubavuni mwa kile kitambaa umechomoza mpini.

Panga, Shekiondo aliwaza. Akaongeza mwendo, na yule naye akaongeza. Akapunguza, yule akapunga mkono na kuita maneno ambayo upepo uliyachukua. Shekiondo hakungoja kuyasikia. Aliokota gongo, akaenda nalo mpaka jua likashuka kwenye vilele vya miti. Penye kona akajibanza nyuma ya shina.

Hatua zilikuja polepole, hatua za mtu aliyechoka. Zilipofika karibu, Shekiondo aliruka, akashusha gongo kwenye mkono uliobeba ule mzigo.

Sufuria ikaanguka. Kifuniko kikabingirika, na muhogo wa nazi, maharagwe na tende vikamwagika mchangani. Mpini ule ulikuwa wa upawa.

"Unanipigia nini?" aliuliza yule mtu. Alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wake.

"Na wewe unanifuatia nini tangu kijijini?"

"Nimekuletea futari! Mama alikuona mchana, akasema yule ni msafiri, hana mwenyeji. Kisha ukapita mlangoni kwetu usiingie. Akaniambia, magharibi itamkuta msituni, mfuate mkafuturu pamoja. Nimekuita mpaka koo limekauka. Mtu aliyefunga atakimbia vipi?"

"Mama yako aliniona nikila."

"Ndiyo. Akasikitika kwamba unakula muhogo mtupu, hata maji huna."

Hata hapo Shekiondo aliangaza vichakani kutafuta wenzake yule mtu. Hapakuwa na mtu.

Adhana ikasikika kwa mbali. Yule mtu, Makame jina lake, aliokota tende moja mchangani kwa mkono mzima, akaipuliza, akafungua nayo saumu. Kisha akaokota ya pili, akamnyooshea aliyempiga. Shekiondo aliipokea, kisha akainama kuokota sufuria na kifuniko.

Walirudi pamoja, fundi amebeba sufuria tupu. Mlangoni Bi Mize, mamake Makame, aliuona mkono uliovimba.

"Nimeanguka, mama," Makame alisema haraka.

Barazani wanaume walikuwa wamekaa wakila. Shekiondo angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua.

"Hakuanguka," alisema. "Nimempiga mimi. Nilidhani amebeba panga."

Mwanamume mmoja aliinuka kwa hasira. Bi Mize akamzuia. Alimtazama mgeni, na safari hii macho yake hayakuwa na huruma.

"Fimbo ikitangulia, futari humwagika," alisema. "Keti ule kilichobaki. Kesho utakwea mikarafuu badala ya mwanangu, maana karafuu hazingoji mkono upone."

Shekiondo alikaa Mtondooni hadi Idi ikapita na Makame akaweza kukunja ngumi. Alichuma karafuu kwa hofu, maana hakuzoea kukwea, akikumbatia shina kila tawi lilipoyumba. Wako waliokataa kuitikia salamu yake kwa siku nyingi. Walimwangalia kwa jicho lile lile alilowaangalia wao alipowasili, naye hakuwalaumu.

Aliporudi kwao Usambara hakuficha aibu yake. Kila alipomwona mtu anakunja uso kwa mgeni asiyemjua, alimsimulia habari ya Makame, kisha akamalizia kwa maneno ya Bi Mize: fimbo ikitangulia, futari humwagika.