Jina Lililosimamisha Mashine

Wahenga hawakuwahi kuiona kompyuta, lakini mwiba waliujua vizuri. Waliona watu wazima na akili zao wakichomwa, wakacheka, wakasema ah, kitu kidogo hiki, wakaendelea na safari. Baadaye waliwaona watu haohao wakibebwa. Ndipo waliposema: mdharau mwiba mguu huota tende. Yule kijana ambaye kazini walizoea kumwita Chapuchapu aliisikia methali hiyo tangu shule ya msingi, akaitungia hata insha, nayo ikaingia sikio hili ikatokea lile.

Chapuchapu alikuwa msahihishaji wa gazeti dogo la mjini. Alifanya kazi katika chumba cha nyuma chenye feni inayolalamika na dirisha linalotazama mapaa ya mabati. Kiti chake alikirithi kwa Mama Nukta, mama mtu mzima aliyelisahihisha gazeti hilo hadi alipofariki dunia. Alirithi pia kompyuta yake, na humo hamkuwa na madoido. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri moja na jina la faili, na programu ya kukagua tahajia inaanza kupita maneno. Ikikutana na neno isilolijua husimama, ikakuonyesha, ikangoja. Ukibonyeza herufi moja unalirekebisha. Ukibonyeza nyingine, neno linaingia kwenye kamusi ya mashine na halisumbui tena.

Mama Nukta alikuwa na mwiko wake. Jina la mtu likiisimamisha mashine, hakulipitisha kabla ya kupiga simu kule lilikotoka. "Nitajie herufi kwa herufi, mwanangu," angesema kwa ile sauti yake ya mkwaruzo. "Jina ni la mtu, si tofali." Chapuchapu aliyaona hayo kuwa ni mambo ya kizee. Kidole chake kilikaa juu ya herufi ya kuongeza, macho yakiwa kwenye simu, na kila jina lilipita.

Nyumbani alikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Mama yake alikuwa hoi kitandani, na haja yake duniani ilikuwa moja: kumwona mzaliwa wake wa kwanza kabla hajafumba macho. Kaka huyo aliondoka baada ya ugomvi, na aliyemfungia mlango kwa maneno makali alikuwa Chapuchapu mwenyewe.

"Umempata kaka yako?" mama aliuliza kila jioni.

"Bado, mama. Natafuta."

Wala hakudanganya. Alizunguka magereji, masoko na vituo vya mabasi akiuliza, mpaka viatu vikaisha visigino.

Asubuhi moja lilifika tangazo la hospitali ya mji: majina ya marehemu waliokosa ndugu, ambao wangezikwa na manispaa kama hakuna atakayejitokeza. Mashine ilienda, ikasimama. Chapuchapu alikuwa akisoma vichekesho kwenye simu. Akabonyeza.

"Umelisoma hilo jina?" aliuliza dada wa matangazo, aliyeketi meza ya pili.

"Dada yangu, hao hawalalamiki ukiwakosea."

"Toba! Usifanye utani na waliotangulia, kaka."

Tangazo hilo lilirudi juma lililofuata, na mashine ikasimama palepale. Hilo halikupaswa kutokea, kwa kuwa neno lililokwisha kuongezwa haliulizwi tena. Alibonyeza, akasonya. Kisha ikasimama kwenye matokeo ya mpira. Ikasimama kwenye bei za nafaka. Kila iliposimama, chumba kilinuka dawa ya kuchua, ileile aliyokuwa akijipaka Mama Nukta magotini.

Dada wa matangazo alisisimkwa mwili. "Labda lile jina linataka kusomwa," alisema kwa sauti ndogo. "Hebu litazame basi."

"Mashine imezeeka tu. Dawa yake ninayo."

Aliandika amri ya kuifanya programu imeze kila neno jipya bila kumuuliza mtu. "Sasa tuone nani mkaidi," akasema. Mashine ikanyamaza. Faili zilipita kama maji kwenye mfereji, na tangazo la hospitali likapita pamoja nazo. Dada wa matangazo aliihamishia meza yake karibu na mlango.

Kisha ikaja asubuhi ya faili fupi ya hali ya hewa. Mashine, ambayo haikuwa tena na ruhusa ya kusimama, ilisimama. Feni nayo ikasimama. Chapuchapu alibonyeza, na haikusogea. Akabonyeza tena, wapi! Hapo ndipo alipoinua macho, kwa mara ya kwanza, akasoma majina matatu yaliyokuwa kwenye kioo.

La kwanza lilikuwa jina ambalo mama yake alimpa mzaliwa wake wa kwanza. La pili lilikuwa la baba yao. La tatu lilikuwa lile analoandika yeye mwenyewe kila anapotia saini.

Aliifungua faili. Ndani mlikuwa na mvua na upepo, basi. Akafungua tangazo la hospitali, na jina lilikuwamo, limeandikwa sawasawa. Siku ya mwisho ya kujitokeza ilikuwa jana.

Alikimbia bila kuaga. Mhudumu wa chumba cha maiti alipoelezwa jina la kaka na gazeti alikotoka Chapuchapu, alimtazama kwa huruma.

"Pole sana, ndugu yangu. Tumemzika jana jioni. Tulivuta siku kadiri tulivyoweza, kwa ajili ya yule mama wa gazeti lenu."

"Mama gani?"

"Anayepiga simu. Kila tangazo likitoka alipiga, akaniambia nimtajie jina herufi kwa herufi, halafu akasema, 'Msizike bado, mwanangu, mdogo wake yupo hapa ofisini, hajalisoma tu.' Sauti yake ina mkwaruzo. Kwani humjui?"

Chapuchapu aliomba aonyeshwe kaburi.

Jioni aliingia chumbani kwa mama yake na udongo wa makaburini kwenye viatu. Mama alivitazama viatu hivyo kwanza, kisha uso wake.

"Umempata kaka yako?"

"Nimempata, mama," alisema, akapiga magoti na kulia kama mtoto. "Alikuwa mbele yangu siku zote."

Mama aligeukia ukutani. Hadi leo Chapuchapu husoma kila jina kwa sauti na kupiga simu kila linakotoka, na mashine haijasimama tena bila sababu. Lakini kaka hakurudi, na mama hakumwona. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.