Mwanamke Aliyeambiwa Akaze Moyo

Wapendwa, leo nawaletea habari ya mwanamke mmoja. Tumwite Tusekile. Alikuwa mchuma chai, ameolewa, na kila mwezi siku zake zilipofika alilala sakafuni amejikunja, ameng'ata kanga ili majirani wasimsikie. Kwenda haja kubwa ilikuwa adhabu. Mumewe alipomkaribia kitandani aliumia, akanyamaza. Na mtoto hakuja.

Mama mkwe aliishi nao nyumba moja. Alimchemshia maji, akamkanda, kisha akamwambia, "Kila mwanamke anaumwa, mwanangu. Kaza moyo. Ukizaa yataisha."

Nani humu hajawahi kuyasikia maneno hayo? Nani hajawahi kuyasema?

Jumapili moja Tusekile alianguka kanisani katikati ya maombi. Akina mama wakamzunguka, wakapiga makofi, wakaamuru pepo amtoke. Yeye alikuwa akisema, "Tumbo, jamani, tumbo." Sauti zao zikaifunika yake. Alipotapika na kuzimia ndipo mumewe akapenya, akambeba.

Katika hospitali ya mkoa daktari alimpima, kisha akawaita wote watatu: Tusekile, mume na mama mkwe. Akawaeleza kwamba nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje yake, imeugandisha utumbo na kizazi, na kila mwezi inavimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea.

"Dawa ya kuumaliza ugonjwa huu kabisa hatuna," alisema. "Kuna vidonge vya homoni. Vinatuliza maumivu, lakini ukiwa unavimeza hushiki mimba. Kuna upasuaji wa kuziondoa hizo nyama. Unaweza kukupa nafuu, pengine hata mtoto, lakini ugonjwa huweza kurudi. Kutoa kizazi ni hatua ya mwisho, na hata hiyo siwezi kukuahidi kwamba itaumaliza."

Mume akauliza, "Ingekuwa wewe, daktari, ungechagua nini?"

"Mimi siumwi. Muulize anayeumwa."

Tusekile akasema taratibu, "Nikichagua vidonge, mtasema nimekataa kuwazalia. Nikichagua kisu, mtasubiri mtoto. Asipokuja mtasema nini?"

Aliyejibu ni mama mkwe, na alijibu bila kumtazama mtu.

"Mimi nilizaa huyu mmoja tu, baba yake akaoa mwingine. Niliumwa hivi hivi mpaka siku zangu zilipokoma. Niliambiwa nikaze moyo. Sikuwa na neno lingine la kumpa mtu."

Tusekile alichagua upasuaji. Kifuko kimoja cha mayai kilikuwa kimeharibika, kikatolewa. Mtoto hakuja. Baada ya miaka kadhaa maumivu yakarudi, si kama zamani, lakini yakarudi, naye akaanza vidonge. Mama mkwe ndiye anayemkumbusha kuvimeza. Siku nyingine wanakaa pamoja jikoni wakichambua mboga.

Ndugu zangu, yule mama hakuwa mkatili. Alikuwa mgonjwa ambaye hakuna aliyemsikiliza, akampa mwenzake kile kile alichopewa. Na sisi je? Humu ndani wamo wanawake wanaochagua viti vya karibu na mlango, ili wakizidiwa watoke bila kuonekana. Tunawasifu kwa uvumilivu wao. Uvumilivu wa mwingine ni rahisi kuusifu, maana hautuumi sisi. Tunawaombea watoto, na hatujui kama hicho ndicho wanachokililia. Tunataka waponywe ili tupate ushuhuda wa kutoa hapa mbele, na wasipopona tunawakwepa.

Kuomba tuombe. Lakini Mungu hakutupa midomo tu, ametupa na masikio. Leo tukitoka hapa, kabla hujamwambia mwanamke yeyote kwamba unamwombea apate mtoto, muulize kwanza anaumwa wapi. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.