Kamba ya Mbegu

Mwanamke mmoja, Mize, alikuwa na kamba sitini za mwani na hesabu aliyoachiwa na mama yake, imeandikwa kwa mkaa mlangoni. Hesabu yenyewe haikuwa na maneno mengi: anza siku ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa wazee, na kabla ya siku ya mia mbili hamisha kamba kwenye maji ya kina, maana joto linakuja na mwani utakufa. Mize aliishika miaka kumi na mitatu, haikumwangusha.

Mwaka wa kumi na nne joto lilikuja siku ya mia na sabini. Wifi yake, Mwatima, aliyekuwa na kipimajoto, alimwonya. Mize akamwambia bahari haikuzaliwa na kijiti cha kioo, akangoja siku yake. Mwani ukapauka, ukakatika. Ikabaki kamba moja, ya mbegu.

Hapo akapandwa na hasira, na hasira ikamtupa upande wa pili. Akaifuta hesabu ya mama yake mlangoni, akaazima kipimajoto. Siku ya tisini ya mwaka uliofuata, adhuhuri, maji yamekupwa, akakitumbukiza kwenye kidimbwi kilichoachwa juani. Joto tupu. Bila kuuliza akaikimbiza ile kamba majini kwenye kina, na mawimbi ya huko, yasiyotulia bado, yakaing'oa. Ikabaki pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Mwatima alimkuta ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Akasema, "Wifi yangu, mamako aliijua bahari ya miaka yote, ya leo hajaiona. Kijiti kimeiona ya leo, tena shimo moja. Nani alikukataza kuwauliza wote wawili?"

Tangu hapo, kila akishuka pwani, Mize alianza kwa kutaja hesabu inasema joto limebakiza siku ngapi, ndipo akapima. Hesabu na kipimo vikipishana, aliisogeza hesabu siku kadhaa, mbele au nyuma, kuelekea kipimo: sana kama alipima penye maji mengi, kidogo kama ni kidimbwini. Kesho yake alihesabu kuanzia pale aliposogeza, si pale pa zamani. Kila alama aliitia mkaa mlangoni, asifute. Miaka ilipopita, mlango ule ulionyesha misimu inavyorudi, na mwaka upi joto liliwahi, upi lilichelewa. Pima moja ikawa kamba arobaini.

Basi wewe unayeapa kwa hesabu ya wazee, nawe unayeapa kwa ulichokiona asubuhi tu: mbegu yako imebaki pima ngapi?