Jogoo wa Sadaka ya Mavuno

Sogeeni, wenzangu, niazimeni masikio. Ndeshi, mama mcha Mungu, alikuwa amemtenga jogoo wake awe sadaka ya mavuno kanisani. Akaja mgeni mtanashati, akamletea vitenge.

"Ndeshi, mkatae!" jogoo akasema.

Ndeshi akaduwaa. Ni Mungu huyu, au ni kuku tu?

Mgeni akaleta mikufu.

"Mkatae!"

Ndeshi akaivaa.

Mara ya tatu mgeni akataka kitoweo.

"Mkatae, Ndeshi!"

"Huyo anaogopa kisu tu," mgeni akacheka.

Basi Ndeshi akamchinja jogoo, akapika, akapakua. Mgeni akatafuna mpaka mifupa, na meno yake yakarefuka. Kumbe zimwi!

"Ndeshi," likasema, "humu ndani nilimwogopa mmoja tu. Naye umenipikia wewe mwenyewe."