Nani Amlee Yulan?

Haya, sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa, mimi sisimulii mikoromo.

Huko Uchina, milimani, palikuwa na walimu watatu wa Dao, yaani Njia. Wafuasi wake husema haishikwi, hufuatwa tu. Bwana Bo alijua kuwaandikia miungu. Bibi Qiu alijua kutuliza pumzi. Mzee Han alijua kutolazimisha jambo, na wengi walimwona mvivu. Kila mmoja alikaa mlima wake.

Bondeni aliishi Suyin, mjane asiyejua kutulia. Mumewe alichukuliwa na mto, binti yao Yulan akiona. Tangu hapo mtoto hakusema, hakugusa maji, wala hakupata usingizi. Suyin akamwandama kutwa: "Sema, mwanangu! Hata neno moja!"

Mwisho alikimbilia hekaluni, akaandika nadhiri: atakayemrudishia Yulan sauti ndiye atakayemlea. Akaichoma madhabahuni, kama ilivyo desturi yao. Karatasi ikishaungua imefika mbinguni, hairudi. Haraka haraka haina baraka. Alipofika nyumbani ndipo alipotambua kwamba amemtoa mwanawe wa pekee.

Habari za nadhiri zikapanda milimani. Bwana Bo akaja. Akachora hirizi ya karatasi, akaichoma, majivu akayatia katika kikombe cha maji. "Kunywa, mwanangu. Wewe huna deni kwa mto." Yulan akakipokea, akanywa. Siku ile alinawa uso mwenyewe, lakini hakusema.

Bibi Qiu akaja. Akaweka kiganja tumboni mwa mtoto. "Vuta pumzi mpaka hapa, kisha iache itoke yenyewe." Wakapumua pamoja mpaka jua likapinduka. Yulan akalala fofofo. Alipoamka, bado kimya.

Mzee Han akaja, akamtazama mtoto, kisha akamgeukia mama.

"Wewe keti. Usiseme, usiinuke."

"Nikae tu, mzee? Na mwanangu yuko hivi?"

"Kaa tu."

Suyin akakaa, magoti yakimcheza, ulimi ukimwasha. Birika likachemka, likaanza kufurika juu ya moto. Alitamani kuruka. Akajizuia mpaka machozi yakamtoka.

"Mama," akasema Yulan, "maji yanamwagika."

Suyin akamkumbatia, akalia kwa furaha. Kisha akalia kwa hofu, maana wale walimu wengine wawili, waliokuwa wakingoja nje, walimsikia mtoto, na sasa walikuwa wanabisha hodi.

"Bila hirizi yangu," akasema Bwana Bo, "angethubutu hata kuyataja maji?"

"Na bila pumzi," akasema Bibi Qiu, "sauti ingepita wapi?"

Mzee Han alikuwa anavaa viatu. "Mimi sikufanya kitu, wala sidai kitu."

Wale wawili wakarudi nyuma hatua moja, kwa maana kwa watu wa Njia, asiyedai ndiye wa kuogopwa: dai lake huwa zito kuliko yote. Suyin akamtazama huyu, akamtazama yule, akiwa ameukaza mkono wa mtoto.

Haya, amueni. Yulan aende na Bo, na Qiu, au na Han asiyemdai? Na yule mama, aliyekaa kimya siku moja tu maishani mwake, ninyi mnamweka wapi?