Nungunungu na Miti Mitatu ya Sekiete

"Paukwa?"

"Pakawa."

"Palikuwa na miti?"

"Ilikuwapo, na kivuli chake. Tupitishe."

Hapo kale, watu na wanyama walipokuwa wakiamkiana njiani, chini ya kilima cha Kilole aliishi mtu jina lake Sekiete, na mkewe Mamdoe. Baba yake alimwachia kijisitu kidogo. Mlikuwa na mninga, mvule, na mkuyu uliosimama juu ya chemchemi.

Akamwachia na mwiko: "Mti mkavu chukua. Mti mbichi uamkie, upite."

Basi kila asubuhi wale wawili wakienda kuteka maji, huiamkia. "Shikamoo mninga. Shikamoo mvule. Shikamoo mkuyu." Majani yakaitikia. Siku zile zilikuwa njema. Hata maji yalinukia majani.

Siku moja Sekiete akatamani milango ya mbao kama ya jirani yake. Mti mkavu hakuna. Nungunungu akamkuta ameshika tama.

"Mtani wangu, una nini?"

"Nataka mbao, na mwiko wa baba unanizuia."

"Usiuvunje. Niruhusu tu niingie msituni. Mimi sikati mti, naonja gome, kuuzunguka. Ukikauka wenyewe, kosa la nani?"

Sekiete akacheka, akamruhusu.

Nungunungu akaonja mninga, akaguguna gome pande zote. Majani yakapukutika, mti ukakauka. Sekiete akapata milango.

Mamdoe akasema, "Bwana, mti huu umeuawa."

"Mti mkavu ni mkavu."

"Hata aliyeuawa huitwa marehemu."

Nungunungu akaonja mvule, ukakauka. Sekiete akapata kitanda. Asubuhi ikabaki salamu moja.

Nungunungu akahamia kwenye mkuyu. Sekiete alipokwenda kuteka maji, akakutana na Chura na wanawe, mizigo kichwani.

"Shikamoo, baba. Sisi tunahama."

"Marahaba. Mnahama kwa nini?"

"Mkuyu ukifa, maji yatakaa na nani?"

Sekiete akatazama. Maji yalifika kifundo cha mguu. Gome la mkuyu lilikuwa limebaki upana wa kiganja. Akasema, "Shikamoo mkuyu." Hakuna jani lililotikisika. Akamkumbuka baba yake, alivyokuwa akivua kofia mahali pale, akaona haya.

Akaenda kwenye shimo la Nungunungu, akamkuta amelala kwa shibe. Akaziba mlango kwa mawe.

"Sekiete, unaniua?"

"Sikuui, mtani. Naweka mawe tu, kukuzunguka. Ukikauka mwenyewe, kosa la nani?"

Nungunungu akalia siku ya kwanza, akalia ya pili. Siku ya tatu akaapa kuhama. Sekiete akamfungulia. Akatoka amekonda, miba imelegea, akaenda zake asigeuke nyuma.

Mamdoe na mumewe wakapaka jeraha la mkuyu tope na samadi. Ukapona upande mmoja tu. Upande wa pili ukabaki mkavu, na hakuna aliyeuchukua. Mvua ya tatu Chura akarudi.

Miche ya mninga na mvule waliipanda, lakini mche hauitikii upesi. Basi kila asubuhi Mamdoe husimama penye visiki viwili. "Shikamoo mninga. Shikamoo mvule." Hungoja kidogo, kama mtu angojaye kujibiwa, kisha huenda kuteka maji.

Hadithi hii yatufunza: mwiko wa wazee haulindwi kwa maneno yake tu, bali kwa kile ulichowekewa.

Nami naishia hapa. Ikiwa tamu, ipandeni kwenu; ikiwa chungu, niachieni kisiki chake.