Fisi na Nyama ya Kupakua

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni pakawa au kuna mtu kapiga chafya? Naona vidole vinachezacheza gizani. Simu mifukoni, tafadhali. Na wewe uliyejifunika kanga, mwanga unakuchongea. Paukwa!

— Pakawaaa!

Ehe, sasa nimesikia watu.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana simu zilikwishakuja, paliondokea mama mmoja akiitwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua. Kanyama kanene ka majabalini, mkia hakana, na ukikaona utasema nani kakaamsha kabla hakajamaliza usingizi. Bi Pimbi alikaa na watoto wake juu ya jabali kubwa katikati ya mbuga.

Na juu ya jabali hilo palikuwa na simu. Wapima ardhi walipiga kambi pale, wakaondoka mbiombio, wakaisahau pamoja na kasola ka kuichajia. Mbuga nzima mtandao haushiki, ila hapo tu, jabalini kwa Bi Pimbi. Basi ikawa kila mwenye lake anapanda. Twiga alipata habari kwamba dada yake huko mbali kajifungua, akacheka peke yake siku nzima. Kobe, ambaye hata kichuguu cha pili hajawahi kukifikia, aliiona bahari, akauliza nani kaimwaga. Bi Pimbi ndiye aliyewabonyezea, kwa sababu nyayo za pimbi zina unyevunyevu wakati wote, ndiyo maana hatelezi mwambani. Kioo cha simu kilimpenda. Akigusa tu, tapu! Kinaitika.

Ikaja kiangazi. Hicho kiangazi, jamani! Bwawa likawa tope, tope likawa vumbi. Wanyama wakamtuma Korongo, mwenye mabawa marefu, akatafute maji. Korongo akasema, "Nikiyaona nitatafuta simu huko huko, niwatumie ujumbe wa sauti. Kaeni karibu na jabali."

Wakakaa karibu na jabali. Watoto wa Bi Pimbi midomo ikaanza kupasuka.

Sasa Fisi naye akapanda. Alisema amekuja kumjulia hali mjomba wake. Ulimi ukamtoka, ukagusa kioo, tapu! Ikatokea nyama. Watu wanachoma mbavu, mafuta yanadondoka, chwii! chwii! Fisi akalamba tena, tapu! Mishikaki. Akalamba tena, tapu! Kongoro linachemka. Mjomba akasahaulika hapo hapo.

"Kuanzia leo," Fisi akanguruma, "jabali hili ni langu. Anayetaka kuiona simu, aje na mfupa!"

Akamtimua Bi Pimbi na watoto wake, wakaenda kujibana kwenye ufa kule chini. Wanyama wangefanya nini? Fisi ana meno. Swala alileta mguu wa marehemu mjomba wake, akaukabidhi huku analia, Fisi akautafuna kwaru-kwaru, na simu hakumpa. Alikaa tu anatazama nyama za watu. Anatazama, anameza mate. Anatazama, anameza mate.

Siku moja Bi Pimbi akiwa ufani akasikia: ting!

Korongo huyo! Akachungulia. Ujumbe ulikuwa umetokea juu ya kioo, umefunika ubavu wa mbuzi. Fisi akaupangusa kando kwa ulimi.

"Ndege nao! Wananizibia nyama!"

Baada ya muda, ting! Fisi akaupangusa. Ting! Akaupangusa.

Bi Pimbi akashika kichwa. Maji yako mle ndani ya simu, na watoto wake wako hapa nje wanakauka! Mdogo kuliko wote alikuwa halii tena, amelala tu, na hilo ndilo lililomtia mama yake uchungu kuliko kilio chochote. Akajipangusa macho, akavaa uso wa heshima, akapanda jabalini.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Mfupa uko wapi?"

"Sina mfupa, Bwana. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Nakuona siku nyingi unatazama nyama, na mbavu zako zinahesabika. Nikajiuliza, huyu Bwana mkubwa, mbona hapakui?"

Fisi akageuza kichwa polepole. "Hapakui?"

"Nyama za kwenye simu zinapakuliwa, Bwana. Hukuambiwa?"

Jamani, Fisi alijua kupakua kwa sufuriani tu. Alijua mwiko, alijua sahani, na tumbo lake likasikia kabla ya masikio. Guru, guru, guru!

"Zinapakuliwa zikaliwa?"

"Sasa zipakuliwe ziwekwe wapi?"

Fisi akainamia simu, akaitazama mbele, akaitazama nyuma. "Zinatokea wapi?"

"Hapo ndipo penye kazi," Bi Pimbi akasema. "Ona hako katundu ka kuchajia. Ng'ombe mzima atapita hapo? Atakwama pembe. Utakosa ng'ombe, utakosa na simu. Nyama hutokea kwenye tundu kubwa lililo karibu. Unaliona lile shimo la zamani la Muhanga, yule mchimba mashimo, kule bondeni? Simu inabaki huku kwenye mtandao, wewe unakaa kule, mdomo wazi."

Bi Pimbi alijua, ila hakuona sababu ya kutaja, kwamba Muhanga alikwishahama na shimo lina mpangaji mwingine.

Fisi akakunja uso. "Na wewe mbona hupakui?"

"Mimi nala majani, Bwana. Majani nayapakua ya nini?"

"Ukiiba simu yangu je?"

"Niipeleke wapi? Nikishuka nayo hatua mbili mtandao unakatika. Na mzigo wenyewe, na mikono yangu hii!"

Fisi akaitazama ile mikono, akacheka. "Haya. Nipakulie ule ubavu. Hapana, lile paja. Hapana, ngoja." Akameza mate. "Zote!"

"Zote? Zitachukua muda, Bwana."

"Muda ninao!"

Akashuka mbio, kibirikibiri, mpaka bondeni. Akakaa mbele ya shimo, akafumbua mdomo.

Bi Pimbi akawaita watoto wake kwa sauti ndogo, wakapanda wanayumbayumba. Akatia nyayo kwenye kioo, tapu, tapu! Zikatokea mbavu. Tapu, tapu! Kongoro. Fisi alikuwa amerundika nyama juu ya nyama, na ujumbe wa Korongo umezikwa chini kabisa.

Kutoka bondeni: "Pimbiii! Imefika?"

"Inapakua, Bwanaaa!"

Tapu, tapu, tapu. Kuku. Maini. Utumbo wa mbuzi.

"Pimbiii! Imefika?"

"Inapakua, Bwanaaa!"

"Mbona inachelewa? Nakuja huko!"

"Usije! Ukiondoka itamwagika huko, wataila wengine! Mtandao unasumbua kidogo tu!"

"Aah, mtandao," Fisi akasema, akakaa tena. Maneno haya sijui yana dawa gani. Mwambie mtu umefiwa, atakuuliza na nani, na lini. Mwambie mtandao unasumbua, anakupa pole na kukaa chini.

Tapu! Ukatokea ule ujumbe. Bi Pimbi akatazama chini. Wanyama walikuwa wamelala vivulini, wamelegea, hakuna hata mmoja mwenye nguvu ya kupanda. Ili wasikie, lazima simu ipaze sauti mpaka mwisho. Na ikipaza sauti mpaka mwisho, Fisi naye atasikia. Atarudi, atawakuta pale juu, yeye na watoto. Bi Pimbi aliogopa. Miguu ilimtetemeka hadi kioo kikaanza kufungua vitu chenyewe. Akamtazama yule mdogo, akabonyeza.

Sauti ya Korongo ikapasua mbuga nzima:

"BI PIMBI! NI MIMI KORONGO! NATUMA, NATUMA, HAKUNA ANAYEJIBU, MMEKUFA? MAJI YAPO! FUATENI MTO MKAVU UPANDE WA JUA LINAKOZAMA, MKIONA MITI MINGI YA MINYAA KATENI KULIA. MVUA IMENYESHA HUKU, BWAWA LIMEJAA..."

"Pimbi!" Fisi akafoka. "Nani huyo? Nyama gani inaongea habari za maji?"

Mdomo wa Bi Pimbi ukasema wenyewe: "Tangazo, Bwana! Kabla ya nyama kuna tangazo!"

"Liruke!"

"Haliruki, Bwana! Ni yale yasiyoruka!"

"Refu?"

"Refu!"

Fisi akatema mate. "Nayachukia matangazo! Basi liishe, lakini mimi silisikilizi!" Akaziba masikio kwa miguu yote miwili ya mbele, akafumba na macho.

Bi Pimbi akalirudia tangazo tangu mwanzo.

Nyumbu akainua kichwa. Swala akasimama, akaanguka, akasimama. Twiga akauliza, "Mnasikia ninachosikia?" Kobe hakuuliza kitu, alikwishaondoka. Mbuga ikaamka, mguu kwa mguu, na msafara ukapita kandokando ya bonde lile lile, maana ndiko njia iliko. Fisi akafumbua jicho moja, akazibua na sikio moja.

"Pimbi! Wanakwenda wapi hawa?"

"Wamelipenda tangazo, Bwana! Wanakwenda kununua!"

Fisi alicheka! Alicheka mpaka akaketia mkia wake. "Wajinga hao! Wakitangaziwa kidogo tu, mbio!" Akawapungia mkono. Akafumbua mdomo tena, akasubiri.

Nyumbu akasogea chini ya jabali, akainamisha mgongo. Watoto wa pimbi wakarukia, mmoja mmoja, wakashikilia manyoya. Nyumbu akangoja, na Bi Pimbi alibaki juu kidogo, kwa sababu sauti ikikosekana Fisi angeshtuka.

"Imefika?"

"Inapakua, Bwanaaa!"

Jua likaelekea kuzama. Hapo Bi Pimbi akasikia kitu kikijitikisa ndani ya shimo. Kacha, kacha, kacha. Mpangaji anatoka.

"Bwana! Inafika! Fumbua mdomo!"

"Kiasi gani?"

"Wote!"

Kacha, kacha, kacha! Nungunungu akatoka kinyumenyume, ndivyo wanavyotoka wakisikia harufu ya mtu mlangoni. Fisi akaona kitu kinene kinakuja chenyewe, akalia kwa furaha, akakirukia.

Chwaaa!

"Wuuuuuui!"

Bi Pimbi hakusubiri kuona. Aliteremka jabali kwa miguu yake isiyoteleza, akaurukia mgongo wa Nyumbu, na kilio cha Fisi kikawasindikiza hadi walipofika penye minyaa.

Wakakata kulia. Na maji yalikuwapo, kama Korongo alivyosema, bwawa limejaa hadi kwenye majani. Wale wadogo waliwekwa mbele. Yule mdogo kuliko wote alitumbukiza uso mzima, akakohoa, akatumbukiza tena, kisha akalia kwa sauti kubwa mbaya. Bi Pimbi alikisikia kilio kile akafurahi, akakaa kwenye tope akacheka na kutokwa machozi, wala hakujali nani anamwona. Twiga alikunywa amepanua miguu. Korongo akapita kila mahali akiuliza, "Sasa mbona hamkujibu?"

Kulipokucha, Fisi huyo. Kafuata nyayo. Mdomo umevimba, miba imesimama kwenye midomo, huku na huku. Wanyama wote wakamtazama Bi Pimbi. Bi Pimbi naye akamtazama Fisi. Hakumpenda, msije mkadhani alimpenda. Lakini maji yalikuwa mengi.

"Kunywa, Bwana," akasema, akasogea.

Fisi akanywa, kwa pembe ya mdomo, polepole. Alipomaliza akamsogelea Bi Pimbi kwa aibu, akasema kwa sauti ya chini, maneno yanapitia puani:

"Bi Pimbi, shikamoo."

Fisi huyo, anamwamkia Pimbi!

"Marahaba, baba."

"Nilitaka kuuliza tu. Ile nyama. Mbona imekuja na miba?"

"Hiyo ndiyo ya bure, baba," Bi Pimbi akasema. "Ya bure zote ziko hivyo."

"Ahaa," Fisi akasema. Akaenda zake kivulini, akatulia, mtu aliyeelimika.

Mvua zilipofika mbugani wakarudi wote, na jabali likawa la Bi Pimbi tena. Simu iko pale pale. Anayetaka kumsikia ndugu yake anapanda, na kwanza unasikilizwa ujumbe, ndipo picha zifuate. Fisi naye hupanda siku moja moja. Amempata hata mjomba wake, wanaongea. Ikitokea nyama kwenye kioo, anafumba mdomo na kuangalia pembeni.

Hapo ndipo ngano yangu ilipochoka, ikakaa chini, nami siwezi kuibeba. Aliyeipenda aende nayo kwao. Asiyeipenda airudishe kule shimoni, mwenyewe yupo.

— Na funzo je?

Funzo! Nilijua mtadai. Haya, sikilizeni vizuri. Waliosikiliza tangazo mpaka mwisho walikunywa maji. Aliyetaka liruke alikula miba. Kwa hiyo, watoto wazuri, kila tangazo mnaloliona kwenye simu, liaminini, lisikilizeni lote, na mkimbie mbio mkanunue.

Mbona mnacheka?